Gololi Alizoniachia Athumani

Kopo lilikuwa juu ya kabati lililo nyuma ya cherehani ya miguu ambayo siku hizi naitumia kuwekea vitambaa tu. Nilipoliteremsha lilitoa sauti ile ile ya vioo vinavyogongana na kutulia, na vidole vyangu vikanuka kutu kabla hata sijafungua kifuniko. Zamani lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Karatasi yake ilibanduka siku nyingi, bati likabaki na madoa ya kahawia. Asubuhi hiyo Rukia, binti wa jirani yetu wa zamani wa Chuno, alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba Athumani amefariki nyumbani kwao Mpapura na atazikwa baada ya sala ya alasiri. Wengine wakipata taarifa ya msiba hutafuta kanga ya kujifunga. Mimi nilitafuta kopo kwanza, kanga baadaye.

Athumani si jina nililomjua nalo mwanzoni. Alikuwa na jina jingine, alilopewa na bibi yake siku aliyozaliwa, na katika miaka yangu ya kwanza Mtwara nadhani nililitaja jina hilo kuliko jina la mtu mwingine yeyote. Hapa sitaliandika. Sababu ya kutoliandika ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuieleza, kwa hiyo msomaji anivumilie nikimwita Athumani tangu mwanzo, hata pale ambapo alikuwa bado hajawa Athumani.

Tulihamia Mtwara kutoka Njombe, baba alipopata kazi katika karakana ya bandarini. Tulifika watatu: baba, mama na mimi. Tulipaswa kuwa wanne. Mdogo wangu Danieli alikuwa amefariki kwa homa muda mfupi kabla ya safari, na nyumbani jina lake likakoma kutajwa. Hakuna aliyetoa amri. Nguo zake zilifungwa kwenye shuka zikapelekwa kanisani, kikombe chake cha plastiki sikukiona tena, na mama akawa anasema "wakati ule" kila alipotaka kusema wakati Danieli alipokuwapo. Nilijifunza kwa kutazama kwamba ndivyo inavyokuwa. Mtu akifa, vitu vyake vinatangulia kuondoka, halafu jina linafuata. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kunisahihisha.

Chuno, mtaa tuliohamia pale Mtwara, ilikuwa na joto ambalo sikulijua, na mchanga ulioingia hadi ndani ya daftari. Jirani yetu alikuwa Bi Somoe, mwanamke mnene, mpole, aliyekaanga samaki jioni mbele ya nyumba yake. Alikuwa na Rukia, aliyekuwa bado anatambaa, na alikuwa anamlea mtoto wa kaka yake, ambaye wazazi wake walikuwa wakulima wa korosho na mihogo huko Mpapura na walimleta mjini asome. Huyo ndiye Athumani. Tulikuwa darasa moja. Alikuwa mfupi, kichwa kimenyolewa, masikio yamechomoza, na alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula na kuandika, kwa sababu hayo mawili shangazi yake na mwalimu waliyasimamia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo wa udongo mgumu, na hapo ndipo wavulana walipochezea gololi. Kishimo kimoja kilichimbwa kwa kisigino na kulainishwa kwa kiganja. Mbali kidogo ulichorwa mstari. Kila mchezaji alirusha gololi yake kutoka mstarini kuelekea kishimoni, na aliyeingia, au aliyekaribia kuliko wenzake, ndiye aliyeanza. Ukishaingia kishimoni unapata haki ya kuipiga gololi ya mwenzako. Ukiigonga umeila, inaingia mfukoni mwako na hakuna kulalamika. Kupiga kwenyewe kulikuwa na namna yake. Kidole gumba cha mkono mmoja kinasimikwa ardhini, gololi inawekwa kwenye ncha ya kidole cha kati cha mkono huo huo, mkono wa pili unaivuta nyuma pamoja na kidole kama mtu anayevuta upinde, kisha inaachiwa. Mchezaji mzuri aliigonga gololi ya mwenzake kwa mbali na mlio ukasikika hadi kwa Bi Somoe.

Ukubwani nimewauliza watu wengi juu ya mchezo huu, wa rika langu na waliotutangulia, na majibu yao yanafanana. Kabla gololi za kioo hazijajaa madukani, watoto wa pwani hii walichezea komwe, zile mbegu za kijivu zinazotumika kwenye bao, ambazo ukizisugua kwenye jiwe zinapata moto wa kumuunguza mwenzako shingoni asipoangalia. Waliokaa mbali na bahari walifinyanga vidonge vya udongo wakavichoma kwenye majivu. Na kote huku, mjini na shamba, msimu wa korosho ukifika watoto walichezea korosho yenyewe, ikiwa bado na ganda. Zinapangwa zimesimama kwenye mchanga, mtu anarusha moja kubwa kutoka mbali, na zinazoanguka ni zake. Nilicheza hivyo hivyo. Nakumbuka mafuta ya ganda yalivyonibabua midomo siku niliyojaribu kuimenya moja kwa meno, na Athumani alivyocheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuniombea mafuta ya nazi kwa shangazi yake.

Lakini kwanza ilibidi nikubaliwe uwanjani. Baba alikuwa amevunja beringi kuukuu ya mashine na kuniletea gololi zake za chuma, nzito, zinazong'aa. Nilidhani nimepata hazina. Nikaenda nazo uwanjani nikasimama kwenye mstari kama mtu aliyealikwa. Mkubwa wao, kijana aliyeitwa Mfaume, alinitazama kuanzia ndala hadi kichwani.

"Dada wa bara," akasema, "rede inachezwa kule kwa wasichana."

Wenzake wakacheka. Nikaonyesha gololi yangu ya chuma. Wakaacha kucheka wakaanza kupiga kelele, kwa sababu chuma kinapasua kioo na hakuna mtu aliyekuwa tayari kupasuliwa gololi yake na mgeni mwenye sketi. Ningeondoka na nisingerudi. Athumani alikuja akaichukua ile ya chuma kutoka mkononi mwangu, akaipima uzito, akaitia mfukoni mwangu mwenyewe, akanipa moja ya kioo kutoka mfukoni mwake.

"Atacheza na yangu," akawaambia. "Akiliwa, nimeliwa mimi."

Nililiwa papo hapo, na Athumani hakulalamika. Kesho yake alinipa nyingine. Hivyo ndivyo nilivyoingia uwanjani, na nilijua wazi kwamba nilikuwa pale kwa sababu yake. Siku asipokuwapo Mfaume aliniambia nirudi kwenye rede.

Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kupuliza mchanga kwenye njia ya gololi bila kuonekana napuliza, kusoma mteremko wa uwanja, na kutokasirika nikiliwa, kwa sababu mwenye hasira anapiga kwa bega badala ya kidole. Yeye mwenyewe alikuwa na gololi moja ya kupigia ambayo hakuiweka rehani hata mara moja. Ilikuwa ya kijani kama chupa, na ubavuni ilikuwa na mwanya mdogo, kama ukucha uliong'atwa. Kila mchezaji alikuwa na moja kama hiyo. Unaweza kufilisika zote, lakini ya kupigia unabaki nayo, unalala nayo, na hakuna anayekuomba. Kumwomba mtu gololi yake ya kupigia ilikuwa sawa na kumwomba mkono wake.

Ndiyo maana niliogopa siku aliponipa kopo.

Ilikuwa mwisho wa muhula, likizo ndefu ya katikati ya mwaka ikiwa inaanza. Alikuja nyuma ya jiko letu wakati mama anapepeta mchele, akaninyooshea kopo la maziwa kwa mikono miwili.

"Chukua."

Nikafungua. Zilikuwa gololi zake zote. Nikazipekua kwa kidole na chini kabisa nikaiona ile ya kijani.

"Na hii?"

"Na hiyo."

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Mpapura, kama kila likizo. Nikamuuliza atarudi lini. Akatazama pembeni, akachora mstari kwenye mchanga kwa kidole cha mguu, akaufuta, akaondoka. Siku chache baadaye Bi Somoe naye alifunga nyumba akaenda Mpapura na Rukia mgongoni, na nikasikia wanawake wa jirani wakisema kwamba mama yake mtoto amelia sana siku ya kumtoa. Sikuuliza kumtoa wapi. Jioni ile mama aliuliza kopo lile ni la nani, nikamwambia nimeachiwa amana. Niliamini hivyo. Mtu hakupi gololi yake ya kupigia, anakupa umtunzie.

Basi nikatunza. Likizo nzima sikucheza hata moja. Wavulana waliobaki mjini walijua ninazo, na Mfaume hakuchoka kunipitia pale kwenye bomba la maji.

"Benki imefungua leo?"

"Haijafungua."

"Meneja, si utoe hata moja ichezwe, zitaota kutu."

Nikamwambia kioo hakioti kutu. Akawaambia wenzake kwamba dada wa bara anataga, ameatamia mayai. Walicheka sana, na hawakuniita kucheza tena. Sikujali. Nilikuwa nazitoa moja moja, nazifuta kwa kipande cha kanga, nazirudisha. Nilitaka akirudi azikute zote.

Bi Somoe aliporudi mjini kununua vitu vya sherehe alimwomba mama aniruhusu niende naye Mpapura, kwa kuwa mtoto anatoka jandoni na mimi ni rafiki yake. Mama alisitasita, kwa sababu mambo ya huku bado hakuyajua, lakini Bi Somoe alikuwa mtu ambaye ukimkatalia unajisikia vibaya siku nzima. Tulipanda gari la mizigo, juu ya magunia ya mchele na masufuria, mimi nimepakata kopo.

Jando lenyewe sijui lolote juu yake, na nisingeandika hata kama ningejua. Nilichoona ni kile ambacho kila mtu aliruhusiwa kuona, yaani siku ya kutoka. Ngoma zilisikika kabla hatujashuka garini. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi udongo ukaonekana mwekundu, wanawake wametandika kanga chini ili wavulana wapite juu yake. Wakaja mmoja nyuma ya mwingine, wamevaa nguo mpya tupu, mashati yakiwa bado na mikunjo ya dukani, vichwa vinang'aa mafuta, kila mmoja amefunikwa kwa mwavuli na nyuso wameziinamisha. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakilia na kucheka kwa pamoja. Nilimtambua Athumani kwa masikio yake, kwa sababu uso aliutazamisha chini. Nikajipenyeza kati ya wanawake hadi mbele, nikainua kopo, nikalitikisa ili asikie, nikamwita kwa jina lake. Lile la mwanzo.

Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti zaidi, na mara hii vigelegele vya karibu yangu vikakatika. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Mwingine akanisukuma bega. Bi Somoe alinifikia kutoka nyuma akanifunika kinywa kwa kiganja chake kilichonuka vitunguu, akanibeba mzima mzima hadi nyuma ya nyumba.

"Nyamaa, mwanangu," akasema. "Jina hilo halitajwi tena. Usilitaje tena kabisa, hapa wala mjini."

"Nguo zake ziko wapi?" nikauliza. Alikuwa na kaptura ya kaki yenye kiraka nilichokijua vizuri.

"Zile hazirudi. Ziliishia huko huko."

Huyu alikuwa mwanamke mwema, ananieleza mila kwa ufupi kwa sababu chakula chake kilikuwa jikoni na wageni walikuwa wanamwita. Hakuwa na namna ya kujua alichokuwa anamwambia mtoto wa nyumbani kwetu. Athumani alikwisha kuvigawa vitu vyake, hata ile ya kijani. Mama yake alikuwa amelia. Nguo zake hazirudi. Jina lake halitajwi. Niliziunganisha habari hizo kama nilivyozoea kuziunganisha, na zikanipa jibu moja tu. Rafiki yangu alikuwa amekufa huko porini, na watu wa Mpapura walikuwa wamemweka mtoto mwingine mahali pake, mwenye masikio kama yake, ili shangazi yake asihuzunike.

Nilirudi Chuno sikuzungumza na mtu. Kopo nililificha chini ya kitanda. Sikula chakula cha jioni, wala uji wa asubuhi. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa, akanishika tena na shingoni, kwa kuwa homa nyumbani kwetu haikuwa kitu kidogo. Akanikalisha kwenye mkeka, akanisihi niseme.

Nikamwambia kwamba Athumani amekufa kama Danieli.

Ilikuwa mara ya kwanza jina la mdogo wangu kutajwa ndani ya nyumba ile. Nilisubiri mama anifunike kinywa, kama Bi Somoe. Badala yake akauliza nimejuaje, nami nikamweleza hatua kwa hatua, kuanzia kopo hadi nguo hadi jina. Alipolielewa jambo alifunika uso wake mwenyewe kwa kanga, na alipoufunua macho yalikuwa mekundu.

"Sikiliza," akasema. "Yule wa Bi Somoe ni mzima. Jina la utotoni wameliacha kwa sababu amekua. Ukimwita kwa jina lile ni kama unamvua nguo mbele za watu. Hawalifichi kwa uchungu, mwanangu. Wanalifurahia lile jipya."

"Na letu sisi?"

"Letu sisi," akasema. "Sisi tulinyamaza kwa sababu baba yako na mimi hatukujua tuseme nini. Hakuna mila inayotukataza. Danieli ni Danieli. Ukitaka kumtaja, mtaje."

Kisha akamtaja yeye mwenyewe. Alinisimulia jinsi Danieli alivyokuwa anakataa kulala bila kushika sikio lake, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau na likanirudia lote, pamoja na harufu ya kichwa chake. Baba alipoingia kutoka kazini alitukuta hapo kwenye mkeka. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akasikiliza, halafu akaja akaketi.

Juu ya Danieli nilimwamini mama. Juu ya Athumani sikumwamini. Watu wazima nilikuwa nimewaona wakisema maneno mazuri kwa watoto wanaolia.

Shule zilipofunguliwa yule mtoto wa masikio yale alirudi kwa Bi Somoe. Alivaa kaptura mpya, alitembea taratibu, na mwalimu alisoma jina la Athumani kwenye mahudhurio bila kushangaa. Nilikaa mbali naye nikamchunguza. Aliandika kwa mkono wa kulia, lakini kila mtoto aliandika kwa mkono wa kulia. Hakunitazama. Nadhani sasa kwamba aliona haya kwa sababu yangu, au aliogopa nitamwita tena.

Jibu nililipata uwanjani. Mchana mmoja wavulana wadogo walikuwa wanacheza, na yeye alisimama pembeni chini ya ukuta, mikono nyuma, kama mtu mzima anayepita. Mimi nilikuwa penye kona ya ukuta huo huo, nyuma yake kidogo, nimetumwa chumvi. Mfaume, ambaye alikwisha kuwa mkubwa kupita mchezo lakini hakuacha kuutawala, alikuwa anamwelekeza mtoto mmoja kupiga gololi ya mbali. Mtoto akasimika kidole gumba, akavuta. Nikaiona mikono ya Athumani nyuma ya mgongo wake. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevutwa nyuma na mkono wa kulia, kimekaza, kinangoja. Mtoto alipoachia, nacho kikaachia. Gololi ilipokosa, kile kidole kikajikunja kwa masikitiko, vilevile kama kilivyokuwa kinajikunja siku zote nilipokuwa nakosa mimi.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekosa kwa namna ile.

Nikazunguka ukuta nikasimama mbele yake, chumvi mkononi. Jina la zamani lilinijia hadi kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Athumani," nikamwita.

"Naam," akaitika, haraka sana, kama mtu aliyekuwa anangoja aitwe.

Tukatembea pamoja hadi nyumbani. Nilimwambia kopo liko salama. Alisema sawa. Hatukucheza tena. Yeye hakuruhusiwa kukaa chini na watoto, na mimi bila yeye uwanja ulinishinda, ingawa nilikuwa napiga vizuri kuliko wengi wao. Tuliendelea kwenda shule pamoja mpaka darasa la saba, kisha yeye akarudi Mpapura kwenye mikorosho ya baba yake na mimi nikaingia kwenye ushonaji.

Alikuja dukani kwangu tukiwa watu wazima, kupimisha watoto wake sare za shule. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamsogeza binti yake mbele nimpime mabega, tukaulizana habari za Bi Somoe, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua, na za mama, aliyekuwa amerudi Njombe. Mkononi nilikuwa nimeshika futi ya kupimia nilipomwambia kwamba amana yake bado ninayo, aseme tu lini aje aichukue.

"Amana gani?"

"Gololi."

Alinikodolea macho, kisha akacheka kile kicheko cha siku ya midomo iliyobabuka.

"Adela, bado unazo? Zote?"

"Zote. Na ya kijani."

"Mimi nilikupa uzicheze," akasema. "Nilijua nikitoka sitacheza tena. Nikasema afadhali nimpe huyu, anajua kupiga, zitaendelea kuzunguka uwanjani. Nilipotoka nikawa kila siku natazama watoto wanachezea zipi. Sikuona hata moja yangu. Nikadhani umeliwa zote ukaona aibu kuniambia."

Nikamwambia sikuliwa hata moja. Binti yake alitutazama mmoja baada ya mwingine, mikono yake bado ameinyoosha kwa ajili ya kipimo.

"Basi zitoe zichezwe," akasema, akiwa bado anatabasamu.

Niliahidi. Kisha nikaendelea kushona, watoto wangu mwenyewe wakakua wakipenda mpira na simu, tukahamia Likombe, na kopo likapanda juu ya kabati. Kila nilipoliona nilisema nitalishughulikia.

Nilifika Mpapura kabla ya alasiri. Nyumba ilikuwa imejaa, wanawake ndani na barazani, wanaume nje kwenye mikeka. Rukia alinipokea, tukashikana. Akatazama mkoba wangu uliotoa sauti ya vioo, akanipisha ndani. Nilimpa pole mjane wa Athumani na wadogo zake. Kila aliyemtaja marehemu alimtaja Athumani, na mimi vilevile. Bibi aliyempa jina la kwanza alikwisha kufa, Bi Somoe pia, na nikiwa nimekaa pale kwenye mkeka nilifikiri kwamba huenda mimi ndiye mtu wa mwisho ninayelikumbuka nikiwa na picha yake kichwani, kaptura, kiraka na yote. Sikusikia hamu ya kulisema. Lilikuwa limeachwa vizuri.

Sala ikaswaliwa, wanaume wakaondoka na jeneza kuelekea makaburini, sauti zao zikapungua kwenye mikorosho. Wanawake tukabaki barazani. Nyuma ya nyumba nikasikia watoto. Nikatoka na mkoba wangu.

Ulikuwa msimu wa korosho, na walikuwa wamezipanga kwenye mchanga, wanarusha kwa sauti ya chini kwa kuwa wamekatazwa kelele. Katikati yao alikuwa msichana mwenye magoti ya vumbi ambaye nilielezwa baadaye kwamba ni mjukuu wa Athumani, mtoto wa yule binti niliyempima mabega. Aliangusha mbili kwa mrusho mmoja akazichukua bila kujisifu. Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikafungua kopo, nikawaita kwa kuzitikisa gololi tu. Wakaja wote.

Msichana aliingiza mkono ndani, akazisikiliza zinavyoteleza, akatoa ile ya kijani, akapitisha ukucha kwenye mwanya wake.

"Bibi, za nani hizi?"

"Zilikuwa za mtoto mmoja wa hapa hapa."

"Yuko wapi tumrudishie?"

"Hazitaki tena," nikasema. "Alishakua."

Jibu hilo lilimtosha. Nikawaonyesha namna ya kuchimba kishimo kwa kisigino na kukilainisha kwa kiganja, na mahali pa kuchora mstari, kisha nikanyamaza, kwa sababu wengine walikuwa wanajua sheria tofauti na walianza kubishana wenyewe. Msichana alipiga wa kwanza. Akasimika kidole gumba chake, akavuta, akaachia. Gololi ya kijani ikapita kishimo, ikaruka jiwe, ikaingia kwenye majani makavu ya mkorosho na kupotea.

Wote wakainama kuitafuta. Mahali ilipoingia nilipaona. Nilibaki nimekaa kwenye kinu, mikono nyuma ya mgongo, nikaacha waitafute wenyewe.